Jua Lililopinda Kona

Ukumbi wa chini wa nyumba ya bibi, hapa Mji Mkongwe, hauoni jua mwaka mzima. Kuta ni nene, za mawe na chokaa, na mwanga huishia uani. Asubuhi moja sinia la shaba lililokwisha kusuguliwa kwa ndimu liliegemezwa kwenye ngazi ya ua likauke. Jua likalipiga, likapinda kona, likaingia ukumbini mpaka kwenye boriti za dari. Bibi alikuwa ameshika chetezo, anafukiza udi. Moshi ulipokatiza pale, mwanga ukapata mwili: mkanda mnyoofu wa dhahabu, ungedhani unashikika.

Nikamkumbuka V.K. Murthy, mpiga picha wa filamu za Kihindi.

Wazee wetu waliojazana sinema ya Majestic, pale Vuga, kumtazama Raj Kapoor ndani ya Awaara, hadi leo wanaziimba nyimbo zake. Majina ya waigizaji wanayo, ya waimbaji wanayo. Wapiga picha kama Murthy, wanaowasha taa na kushika kamera, hawatajwi, na mimi naona tumewadhulumu.

Chukua Baazi, ya mwaka 1951, filamu ya kwanza kuongozwa na Guru Dutt. Ni ya kiza kwelikweli: mcheza kamari, klabu ya usiku, mauaji, mwanamke mwenye siri. Murthy hakuwa mkuu wa kamera. Mkuu alikuwa V. Ratra, yeye msaidizi tu. Akatoa shauri: picha ianzie ndani ya kioo, tumwone mwigizaji Dev Anand kwa sura yake iliyomo kiooni, kisha kamera imfuate mwenyewe. Kusema ni rahisi. Kioo hakina adabu, kinaonyesha kila kilicho mbele yake: kamera, taa, mafundi. Inchi moja ikizidi, siri yote nje. Murthy akaiendesha kamera kwa mkono wake, na Guru Dutt akaridhika hata filamu iliyofuata, Jaal ya 1952, akamkabidhi kamera yote.

Miaka saba baadaye wakatengeneza Kaagaz Ke Phool, filamu ya kwanza ya India ya skrini pana ya Cinemascope. Ndani yake mna wimbo mmoja, mwanamume na mwanamke wamesimama mbalimbali katika studio tupu yenye kiza, na kutoka juu unashuka mwanga mmoja mnene. Ukiuona utasema ni taa kubwa ajabu. Ni jua. Murthy alitega kioo kikubwa nje kulipokea, akatega cha pili ndani, juu, kulirusha chini, na moshi ukatiwa ili mwanga uonekane. Na jua halimsubiri mtu. Likisogea kidogo, kioo cha nje nacho lazima kisogezwe.

Filamu ile haikupata watazamaji, na Guru Dutt hakuweka tena jina lake kama mwongozaji. Murthy alikuja kupewa Tuzo ya Dadasaheb Phalke, ya sinema ya India, ya mwaka 2008, mpiga picha wa kwanza kuipata.

Nilirudi uani kulitazama sinia. Mkanda ulikwisha teremka kutoka kwenye boriti, uko ukutani usawa wa kifua. Nikalisogeza kwa upana wa vidole viwili, ukapanda. Baada ya muda ukashuka tena, nikalisogeza tena. Bibi akaniuliza nafanya nini. Nikamwomba aongeze udi.