Lenzi ya 18–300: kutoka vilima vya Kilo hadi msitu wa okapi

Anayetoka Bunia, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenda Kilo kwa pikipiki hana nafasi ya begi la lenzi tano. Ndiyo maana lenzi ya kuvuta ya milimita 18 hadi 300 imependwa sana na wasafiri: kwenye 18 inachukua kilima kizima, ikivutwa hadi 300 inaleta karibu mti ulio ng'ambo ya bonde. Wengi huuliza kama inatosha pia kwa wanyama. Penye mwanga inatosha. Pasipo na mwanga, urefu wake wote haufui dafu.

Kilo ni mahali pake. Vilima vya eneo hili la dhahabu viko wazi, jua ni kali, na vumbi la barabarani ni laini. Kila unapovua lenzi, vumbi hilo huweza kufika kwenye sensa na kuacha madoa yanayoonekana kwenye kila anga utakayopiga. Lenzi moja isiyovuliwa kutwa nzima inakuepusha na adha hiyo. Ila ifute kabla ya kuirudisha ndani, kwani sehemu inayochomoza hurudi na vumbi lake.

Ng'ambo ya Ziwa Albert, katika mbuga ya Murchison Falls nchini Uganda, bado inafaa. Twiga wako kwenye nyasi, viboko wako mtoni, na korongo nyangumi husimama kwenye mafunjo kwa muda mrefu bila kutikisika. Jua likiwa wazi, weka 300, f/8 na kasi ya 1/500: ISO 200 inatosha.

Sasa ingia msitu wa Ituri, kwenye Hifadhi ya Okapi iliyoanzishwa mwaka 1992, yenye makao yake Epulu. Chini ya miti ya msitu mnene wa mvua hufika takriban asilimia 1 au 2 tu ya mwanga wa juu. Tupige hesabu kwa asilimia 1. Lenzi hii ikivutwa hadi 300, tundu lake kubwa kabisa ni f/6.3. Juani, kwa ISO 100, ingekupa kasi ya karibu 1/640. Msituni kasi hiyo inashuka hadi 1/6. Ukitaka 1/500 ili kumnasa mnyama anayetembea, lazima upandishe ISO hadi karibu 8,000, na picha itajaa chenga. Lenzi ya f/2.8 hupitisha mwanga mara tano zaidi, hivyo kazi ileile inaifanya kwa ISO 1,600. Kizuia mtikisiko nacho hutuliza mkono wako tu, hakimsimamishi mnyama.

Isitoshe, msituni huoni mbali. Majani yanaziba macho baada ya hatua chache, kwa hiyo milimita 300 hazina kazi. Angalia jinsi okapi alivyopigwa picha akiwa huru porini. Mwaka 2008, Zoological Society of London ilitangaza picha zilizopatikana katika Hifadhi ya Virunga kwa kushirikiana na ICCN, taasisi ya uhifadhi ya Kongo. Hakuna mtu aliyeshika kamera. Kamera zilitegwa msituni, zikajifyatua zenyewe mnyama alipopita karibu. Picha hizo zilionyesha wazi michirizi ya mapajani, ambayo hutofautiana kwa kila okapi, na kwa michirizi hiyo watafiti waliweza kuwatambua wanyama mmoja mmoja. Kilichofanya kazi pale ni ukaribu na subira.

Basi, kama una uwezo wa kununua lenzi moja tu, nunua 18–300 na uende nayo Kilo, ziwani na mbugani bila wasiwasi. Ukipata pesa za lenzi ya pili, usizipeleke kwenye 400 wala 600. Nunua lenzi isiyovutwa ya milimita 50 yenye f/1.8. Ni nyepesi, bei yake ni nafuu, na inapitisha mwanga mara 12 zaidi ya ile ndefu kwenye f/6.3. Kwa anayepiga picha Ituri, mwanga ndio wa kununua kwanza.