Maji ya Nazareti: Imani na Ubunifu katika Ben-Hur

Watunzi wetu wa tenzi walikuwa na desturi ya kuanza kwa jina la Mungu, wakaomba wino na karatasi, ndipo wakaingia kisani. Mwengo wa Athumani, alipotunga Utendi wa Tambuka kule Pate mwaka 1728, imani yake ilitangulia na tungo likafuata. Historia inatueleza kwamba Waislamu walipofika Tabuki mwaka 630 walirejea bila ya kupigana na Warumi; katika utendi, safari hiyo imekuwa vita vikubwa. Mtunzi hakujiona kuwa anasema uongo. Alisimulia kama yalivyosimulia masimulizi ya maghazi, na wasikilizaji wake walikuwa wamekwisha kuamini kabla hajafungua kinywa.

Nimeikumbuka desturi hiyo niliporejea kuisoma Ben-Hur, riwaya ya Mmarekani Lew Wallace iliyotoka mwaka 1880 na ambayo mwandishi aliiita kisa cha Kristo. Wengi wetu tunaijua kwa filamu ya mwaka 1959, ile iliyopata tuzo 11 za Oscar. Kitabu chenyewe tuliokisoma ni wachache. Nataka kukisemea kwa sababu kinaonesha jambo ambalo tenzi zetu hazikuwa na haja ya kulionesha: kwamba mtu anaweza kuanza kuandika kisa cha dini hali hana imani, na imani ikamjia akiwa katika kuandika.

Wallace alikuwa mwanasheria, na jenerali katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Mwaka 1876, akiwa safarini kwa treni, alikutana na Robert Ingersoll, msemaji mashuhuri aliyejulikana kwa kuzipinga dini, wakazungumza hadi mwisho wa safari. Wallace alieleza baadaye kwamba aliteremka akiona haya. Haya hiyo haikuwa ya kushindwa hoja. Alijigundua kuwa hana hoja yoyote, ya kukubali wala ya kukataa. Akaamua kujisomesha. Alikuwa amekwisha kuanza hadithi ya mamajusi watatu, akaiendeleza ikawa riwaya. Palestina hakuwa ameikanyaga bado, kwa hiyo alitegemea vitabu na ramani, na kazi akaimaliza akiwa gavana wa New Mexico. Kwa maelezo yake mwenyewe, alipoweka kalamu chini alikuwa ameamini, ingawa hakujiunga na kanisa lolote hadi alipofariki mwaka 1905. Mimi niliyejisomesha pembeni mwa taa ya chemni namfahamu mtu wa namna hiyo. Anaandika ili ajue.

Sasa tuulize: imani ya namna hii inaonekana wapi katika ukurasa? Kwa maoni yangu haionekani katika mahubiri, ambayo kitabu kinayo tele na mengine yanachosha. Inaonekana katika yale ambayo mwandishi hakuthubutu kuyabuni. Wallace alimbuni Yuda Ben-Hur, mwana wa ukoo bora wa Yerusalemu. Alimbuni Messala, rafiki wa Kirumi anayegeuka adui, na Sheikh Ilderim, Mwarabu mwenye farasi walioitwa kwa majina ya nyota. Lakini Yesu hakumfanya mhusika wa kumpeleka apendako. Anampitisha kwa nadra, na maneno anayomtamkisha ameyachota katika Injili.

Mfano bora ni kisimani Nazareti. Kigae kimeanguka kutoka darini na kumpiga liwali wa Kirumi. Yuda, asiye na hatia, anasukumwa na askari kupelekwa kwenye merikebu za makasia. Kijana mmoja, mwana wa seremala, anamwekea mkono begani na kumnywesha maji. Hasemi neno. Nimejaribu mara kadhaa kuifasiri sura hiyo kwa Kiswahili, na kila mara nilikwama mahali pamoja: nimwite Isa au Yesu? Jina la kwanza lingemtoa katika kitabu cha Wallace, na la pili lingemweka mbali na wasomaji wengi wa visiwani. Kumbe mwandishi alikuwa amekwisha kunisaidia. Mwishoni mwa sura anamtaja kuwa mwana wa Mariamu, na kwa jina hilo sote tunamjua.

Hata hivyo, sifa isizibe ila. Wallace aliuvunja mpaka wake pale mama na dada wa Yuda, waliopatwa na ukoma gerezani, wanapoponywa njiani kuelekea Yerusalemu. Injili zinataja wakoma walioponywa, lakini hawa wawili ni watu wa riwaya, na muujiza wao unakuja kwa sababu kisa kinauhitaji. Hapo nilihisi mkono wa mtunga riwaya, na imani nikaitafuta nisiione.

Ila ya pili ni nzito zaidi. Katika mashindano ya magari ya farasi kule Antiokia, ni Ben-Hur anayelivunja kusudi gurudumu la Messala kwa ncha ya chuma ya mhimili wa gari lake. Filamu ilimbebesha Messala hila zote, kitabu hakikuficha. Messala anaokolewa hai, lakini kiwete. Ben-Hur anaendelea na safari yake hadi msalabani, na sijaona ukurasa ambamo anatubu kwa gurudumu lile. Riwaya inayokwenda kwa Mtu aliyefundisha kuwapenda maadui haikupasa kulipita jambo hilo kimya. Waama, wasomaji wengi hukumbuka mashindano na kusahau toba, na kosa si lao peke yao.

Nimeiacha mwisho sura ya kusulubiwa. Wengi wetu huku tumelelewa katika imani isemayo kwamba Nabii Isa hakusulubiwa, na sikuingia katika sura hiyo kama anavyoingia Mkristo. Lakini Ben-Hur anapoyakumbuka maji ya Nazareti, akakimbia na sifongo iliyochovywa katika divai na siki akamwekea midomoni yule aliyemnywesha, nilifunga kitabu nikakaa kitako kwa muda. Imani yangu haikubadilika. Nililoliona ni deni la mtu kiu kwa mtu kiu, likilipwa na mtu aliyekuwa amekuja na jeshi na sasa hana cha kutoa ila tone.

Mathias Mnyampala alikwisha kuonesha, kwa Utenzi wa Enjili Takatifu wa mwaka 1963, kwamba bahari ya utenzi inambeba Kristo kama ilivyowabeba mashujaa wa maghazi. Bado natamani kumsoma mtunzi wa Kiswahili, wa dini yoyote, atakayembuni mtu mdogo na kumweka kando ya kisima, kisha akajua mahali pa kunyamaza. Ama tafsiri yangu ya sura ile moja, nimeikamilisha hatimaye. Nimemwandika mwana wa Mariamu, na maji nimeyaacha yawe maji tu.