Kwa nini maji ya Bellevue hutokota kwa nyuzi 94

Bellevue, mtaa wa Johannesburg unaopakana na Yeoville, uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Sufuria ya wazi ikibandikwa jikoni huko, maji hutokota yakifika nyuzi 94 hivi za selsiasi, ilhali Durban, kando ya bahari, hungoja 100. Familia zilizohamia Bellevue kutoka Kongo zinapika maharage yaleyale, lakini maji hayo hayana joto la kutosha kuyaivisha haraka.

Je, maji ya mlimani yana mvutano hafifu zaidi? Hapana. Kila molekuli ya maji imeshikwa na majirani zake kwa bondi za haidrojeni, Bellevue sawa na Durban. Kilichopungua ni kanieneo ya hewa inayoyakandamiza maji kutoka juu, hivyo mvuke huishinda mapema.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa: hudhani kuchemka huvunja molekuli zenyewe. Tarakimu zinakataa. Kuitenga haidrojeni na oksijeni ndani ya molekuli ya maji hudai kilojuli 460 hivi kwa moli. Bondi ya haidrojeni kati ya molekuli mbili hukatika kwa takribani 20. Mvuke unaopanda kutoka sufuriani bado ni maji.

Mtaala wa Afrika Kusini umelipanga jambo hili kwa hatua. Darasa la 11 hufundishwa nguvu zenyewe za mvutano kati ya molekuli. Darasa la 12 huzitumia kwenye kemia ya kaboni, kwa mbinu moja safi: linganisha vitu viwili huku karibu kila kitu kikibaki sawa.

Chukua propani na ethanoli. Uzito wa molekuli zake ni 44 na 46, karibu sawa. Lakini propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, na ethanoli kwenye 78. Uzito hauwezi kueleza pengo la nyuzi 120. Kundi la oksijeni na haidrojeni lililo kwenye ethanoli linaweza, kwa kuwa ndilo linaloleta bondi za haidrojeni.

Jozi nyingine ni nzuri zaidi. Pentani na dimethilipropani zina atomi zilezile, kaboni 5 na haidrojeni 12. Pentani, iliyonyooka kama uzi, huchemka kwenye 36. Mwenzake, aliyejikunja kama mpira, kwenye 10 hivi. Mpira hugusana na jirani yake sehemu ndogo tu, kwa hiyo nguvu ambazo Fritz London alizifafanua mwaka 1930 hupata pa kushikia padogo.

Jibu kamili la mtihani hufuata njia hiyohiyo: umbo la molekuli, kisha ukali wa nguvu baina yake, kisha nishati inayohitajika kuzishinda. Anayeandika tu kwamba "bondi ni imara" hajasema bondi zipi.

Mwalimu wa Bellevue anaweza kuanzia jikoni, kwa kutumbukiza kipimajoto ndani ya sufuria ya wazi. Kikisoma 94, awaulize wanafunzi kwa nini sufuria ya presha, yenye maji yaleyale na mvutano uleule, hupita 110 na kuivisha maharage.