Sifa za Mpulizaji

Ukitoka Handeni kwenda Korogwe unapita pori la miombo, na ndani ya pori hilo umo mpingo. Kwa macho hauna sifa. Ni mti mfupi, umepindapinda, una miiba, na mchoma mkaa akiukuta huona tanuri tu. Lakini upasue. Kiini chake ni cheusi, kigumu hata msumeno hulalamika, kizito hata kikitiwa majini kinazama. Mti huo huhitaji miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Aliyeuona ukichipua si yeye atakayeukata.

Kiini hicho ndicho kinachotengenezewa klarineti na oboi. Huko Mantes-la-Ville, Ufaransa, mafundi wa kampuni ya Buffet Crampon huchonga klarineti kwa mpingo unaotoka Tanzania na Msumbiji. Wahenga walisema zumari likipulizwa Unguja, wa maziwa makuu hucheza. Leo mti unakatwa huku, zumari linalia kwingine, na sisi hata kucheza hatuchezi.

Mpiga ngoma ana mikono, mpiga gita ana nyuzi. Mpulizaji ana pumzi, ile ile anayoishi kwayo, na pumzi haiwekwi akiba. Aliyoivuta sasa hivi lazima aitoe sasa hivi. Naona tabia yote ya kazi yake imetokana na hapo.

Mtazame mpuliza zumari wa pwani. Ngoma inataka sauti isiyokatika, na mapafu yana mwisho. Basi hujaza hewa mashavuni, akaisukuma nje kwa mashavu, na papo hapo akavuta nyingine kwa pua. Anayejifunza hupewa mrija na glasi ya maji: apulize, avute, na mapovu yasikatike. Zoezi hilo ni dogo kulieleza, lakini linaweza kumtesa mtu miezi. Akishalimudu, msikilizaji hajui kama kuna kazi inayofanyika. Anajua tu kwamba miguu yake imekataa kutulia.

Mkoa wa Tanga, wenye Handeni na Korogwe, uliujua upulizaji kwa njia nyingine pia. Mashamba ya mkonge, yakiwemo ya Korogwe, yalivuta vibarua kutoka mbali, na vibarua walikuja na nyimbo zao. Jijini Tanga ikazaliwa bendi ya Young Nyamwezi, iliyokuja kuitwa Jamhuri Jazz, ikashindana na Atomic Jazz. Katika muziki wa dansi saksafoni ilipata kiti chake. Mwili wake ni shaba, lakini huhesabiwa pamoja na ala za mti, kwa kuwa sauti huanzia kwenye ulimi mdogo wa tete. Adolphe Sax, Mbelgiji, aliipatia hataza mwaka 1846. Waswahili waliipa kazi ya kumjibu mwimbaji: akimaliza ubeti, yenyewe inapokea.

Nao waliobobea hawakuishia jukwaani. Michael Enock, aliyeitwa King, alivuma kwa gita katika Dar es Salaam Jazz, akapuliza na saksafoni, kisha akaiongoza bendi ya Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978. Wanamuziki wengi walipita mikononi mwake. Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki mwaka 2003, alipuliza filimbi pamoja na kupiga zeze na ilimba, marimba ya mkono. Alizunguka dunia, lakini makazi yake yalikuwa Bagamoyo, penye chuo cha sanaa, na huko aliwarithisha watoto na wajukuu wa ukoo wake, ambao bado wanapiga. Kwa watu hawa kufundisha hakukuwa kazi ya uzeeni baada ya kupiga kwisha. Ilikuwa pumzi ile ile, safari hii ikitoka kwa mtu kwenda kwa mtu.

Ndiyo maana simwoni mpulizaji kuwa na kazi mbili: kupiga na kufundisha. Ana moja. Gita la marehemu linaweza kutundikwa ukutani, mjukuu akalikwaruza na kuambulia noti mbili. Filimbi iliyotundikwa ni kijiti chenye matundu, na namna ya kupumua haitundikwi popote.

Klarineti ni ghali, sina ubishi. Mwanzi haununuliwi. Msumari wa moto na matundu sita vinatosha kulianzisha darasa, chini ya mwembe wa shule yoyote. Kama kijijini kwenu, iwe Mkata au Mombo, yupo mzee anayepuliza, mpelekee mtoto mwaka huu. Usingoje msibani ndipo umsifu, kwa maana siku hiyo pumzi itakuwa imekwisha kutoka, na hakuna atakayekuwa ameipokea.