Ufutio wa Fundi

Kitu cha kwanza anachoshika fundi huyu akiletewa kadi ya kumbukumbu iliyokufa ni ufutio. Ni ule ule wa mtoto wa darasa la kwanza, mwekundu upande mmoja na wa bluu upande wa pili. Kadi huishika kwa kucha, maana ina milimita 15 kwa 11 na ukipiga chafya umeipoteza. Huigeuza tumbo juu, akavisugua vile vijino vyake vinane vya rangi ya dhahabu, polepole, akielekea upande mmoja tu. Kisha hupuliza, hupangusa kwa ncha ya shati, huirudisha kwenye kisomaji na kungoja. Mara nyingi kazi huishia hapo. Kadi haikuwa imekufa, ilikuwa na jasho.

Meza yake iko Lusangi, upande huu wetu wa Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Kongo, chini ya kibaraza cha bati. Juu ya bati kuna paneli moja ya jua, na chini ya kiti kuna betri ya gari. Watu humwita fundi wa kufomate. Ndugu zetu wa Tanzania wangesema kufomati, lakini huku Kifaransa kilitangulia kufika kwenye mashine, basi ni kufomate, na mtandao ni rezo, na rezo ikikosa, kama inavyokosa mara kwa mara, nyimbo, mawaidha, kaswida, picha za arusi na barua za sauti husafiri ndani ya kadi, mfukoni mwa dereva wa pikipiki. Hapo ndipo kazi ya mtu huyu inapopata uzito ambao mwenye intaneti ya saa zote hawezi kuuona.

Na ni kazi inayodharauliwa. Kufomate kuna nini? Simu yenyewe hukuambia kwamba kadi imeharibika, ikakuuliza kama uifomati, na kitufe ikakuwekea. Hata mtoto anajua kubonyeza. Ni kweli anajua, na ndiyo maana wanaofika pale wakiwa wamekwisha kubonyeza ndio wenye nyuso nzito.

Siku niliyokaa kumtazama, alikuja mama mmoja muuza mawese na chumvi. Kadi ilikuwa imefungwa kwenye fundo la pembe ya kikwembe chake, mahali pa kuwekea pesa.

«Mama, kuko nini ndani?» fundi akauliza kabla hajaigusa.

«Kuko mali ya watu.»

Nilidhani ni mafumbo. Kumbe daftari lake la madeni lililiwa na mchwa mwaka juzi, na tangu hapo, kila jioni, binti yake hupiga picha ukurasa wa siku ile: nani kachukua chupa ngapi, nani kalipa nusu, nani kasema kesho. Miezi mingi ya kesho za watu ilikuwa ndani ya kipande kile cha plastiki kilicho kidogo kama ukucha wa dole gumba. Sina shaka kijijini walikuwapo walioomba kimoyomoyo kisifufuke.

Ufutio haukusaidia. Kisomaji cha pili nacho kilikataa kuonyesha chochote. Hapo fundi kijana akafungua kompyuta yake, yenye kibodi iliyopungukiwa na herufi mbili, akaanzisha PhotoRec, programu ya bure iliyoandikwa na Mfaransa Christophe Grenier. Kadi haiandikiwi kitu wakati huo. Inasomwa tu kutoka mwanzo hadi mwisho, sehemu baada ya sehemu, na kila kinachofanana na kichwa cha picha huchukuliwa na kuwekwa pembeni, kwenye diski ya kompyuta. Tulingoja. Mama hakuitazama skrini, alitazama betri. Mwishowe kurasa zikaanza kutoka, moja moja, lakini bila majina. Kila moja ilikuwa na herufi f na mkia wa tarakimu, kama wafungwa. Fundi akazifungua, na mama akaanza kuzipa majina upya kwa sauti: huu wa wiki ya msiba, huu wa siku ya mvua kubwa, huu wa yule mwalimu. Watu wawili waliokuwa wakichaji simu zao hapo walikumbuka ghafla kwamba wana safari.

Baada ya hayo yote, picha zikiwa zimekwisha kunakiliwa na kuhesabiwa, ndipo akafomate. Hatua hiyo ilichukua muda wa kufunga kamba ya kiatu.

Nieleze kidogo kinachotokea hapo, kwa sababu wengi hudhani kufomate ni kuchoma nyumba. Ile fomati ya haraka, inayotumiwa na karibu kila mtu, haigusi picha zako. Inafuta orodha tu. Ni kama karani wa soko aliyefuta daftari la vibanda: wauzaji wamo bado, kila mmoja na samaki wake, ila mnunuzi hana wa kumwambia nani yuko wapi, na mgeni akija hupewa kibanda chochote kana kwamba ni kitupu. Huyo mgeni ndiye adui. Picha mpya ikipigwa, wimbo mpya ukiingizwa, hukalia mahali pa ya zamani, na yaliyokaliwa hayarudi. Ndiyo maana fundi akisikia mtu kafuta kwa bahati mbaya, hamuulizi alifuta nini. Humuuliza aliweka nini baadaye.

Jina lenyewe la kifaa hiki limetokana na kufuta. Kumbukumbu hizi zilibuniwa Japani, katika kampuni ya Toshiba, na Fujio Masuoka, miaka ya 1980. Mwenzake, Shoji Ariizumi, alipoona jinsi data inavyofutika kwa mpigo mmoja, alikumbuka mwanga wa kamera, ule unaomulika mara moja na kwisha. Ikaitwa flashi. Sisi tunaitumia flashi kutunza, na waliozaa jina walikuwa wakitazama inavyosahau. Na ndani kabisa ya kipande kile sheria ni hiyo hiyo: seli iliyokwisha kuandikwa haiandikwi tena mpaka kwanza ifutwe, nayo haifutwi peke yake, hufutwa pamoja na jirani zake wote wa mtaa. Kila kufutwa kunaichakaza kidogo. Kadi za bei rahisi huvumilia jambo hilo mara elfu moja au chache zaidi, kisha huanza kukataa. Mwenye kufomate kadi kila Jumamosi, eti iwe nyepesi, kisha akaijaza upya, anaila kidogo kidogo.

Kwetu wazo hili si geni. Aliyepitia chuo cha Kurani, na Kasongo vyuo hivyo ni vya tangu enzi ya Waungwana, wale Waislamu wa misafara ya pwani, anaujua ubao. Unaandikiwa somo kwa wino, unalikariri, na likiisha ubao unaoshwa kwa maji, unaanikwa, unaandikiwa jingine. Lakini hakuna mwalimu aliyemruhusu mtoto kuosha ubao kwa sababu tu umejaa. Kwanza unasimama mbele yake, unasoma bila kutazama, mpaka aridhike kwamba lililo kwenye mti limekwisha kuingia kifuani. Ndipo maji. Nilipomwambia fundi habari hiyo alicheka, akasema kumbe alikuwa na ustadhi siku zote. Sitaki kuitia chumvi. Yeye hakusomea ubao, alijifunza kwa kuharibu simu za wajomba zake. Lakini utaratibu wake ni ule ule, nakala kwanza na maji baadaye, na sijaona bora kuliko huo.

Kuna jambo jingine la nchi hii ambalo wenyeji wa meza ile hawakuwa na habari nalo. Mwaka 1870 na mwanzoni mwa 1871, Mskoti David Livingstone alikwama Kabambare, yeye akipaita Bambarre, miguu yake ikiwa na vidonda. Karatasi zilimwishia, wino pia. Akaanza kuandika juu ya kurasa zilizokwisha kuchapwa, mistari yake ikipita juu ya maandishi ya chapa, kwa wino alioutengeneza kwa mimea ya hapa hapa. Wino ule ulififia mpaka barua zake nyingine zikawa hazisomeki kabisa. Mwaka 2010 watafiti walioongozwa na Adrian Wisnicki walitoa hadharani barua aliyoiandika Kabambare Februari 1871 kwa rafiki yake Horace Waller. Waliipiga picha chini ya mianga ya rangi mbalimbali, kisha kompyuta ikautenga wino na chapa iliyo chini yake. Maneno yakarudi baada ya miaka 139. Nalipenda tukio hili si kwa ajili ya Livingstone, ambaye ameandikiwa vya kutosha, bali kwa sababu kazi ile, yenye mitambo yake na wafadhili wake, ndiyo anayoifanya kijana huyu kwa kompyuta yenye herufi mbili pungufu. Na yeye halipwi zaidi ya bei ya vikombe vichache vya karanga.

Swali lake la pili, baada ya kuko nini ndani, ni hili: inaenda wapi? Mwanzoni sikulielewa. Kadi ni kadi. Lakini redio ndogo za sokoni, zile zenye tundu la kadi ambazo wazee huenda nazo shambani, nyingi zinajua lugha moja tu, FAT32, mtindo uliotolewa na Microsoft mwaka 1996. Kadi za zaidi ya GB 32 hutoka kiwandani zikiwa na exFAT, mtindo mpya zaidi. Mzee akiitia kwenye redio yake, redio inanyamaza, naye anasema ameuziwa kadi mbovu. Si mbovu, ila hazielewani. Fundi huifomate kwa FAT32, na redio inaimba. Windows kwa miaka mingi ilikataa kufanya hivyo kwa kadi kubwa. Dave Plummer, aliyekuwa mhandisi wa Microsoft, amesimulia kwamba ukomo wa GB 32 aliuweka yeye miaka ya 1990 alipokuwa akiandika dirisha lile la kufomati, akidhani ni la muda tu. Dirisha la muda la Marekani, na mzee wa Lusangi hasikii kaswida yake. Fundi hupita pembeni kwa programu nyingine ndogo.

Lakini kwa mwenye arusi hushauri kinyume. FAT32 haikubali faili moja kufika GB 4, hata kadi iwe na nafasi tupu mara kumi ya hiyo. Video ndefu ya harusi hukatalia njiani, na bwana harusi hudai fundi ni mwongo kwa kuwa kadi inaonyesha nafasi ipo. Huyo anawekewa exFAT, na anaonywa asiitie kwenye redio ya babu yake.

Kadi za uongo nazo ni nyingi. Nje imeandikwa GB 64, tumbo ni la GB 8. Ubaya wake ni kwamba zinafomatika vizuri kabisa, maana kijitambo kilichomo kimefundishwa kujibu 64 kila kikiulizwa. Unajaza nyimbo, zinaingia, na zikishapita tumbo la kweli zinatupwa au zinakalia za kwanza, kimya kimya. Njia ya uhakika zaidi ya kuzigundua ni kuijaza kadi mpaka pomoni kisha kuisoma yote na kulinganisha. Kwa kadi ya GB 64 inayoandika megabaiti 10 kwa sekunde, kujaza peke yake ni karibu saa mbili, na kusoma bado. Saa hizo zinakula betri ya gari, na mteja amesimama akiuliza kama bado. Fundi mwingine angebonyeza, akapokea pesa, akasema twende. Huyu huijaza. Akiikuta ya uongo, huikatia mpaka kwenye GB 8 zake za kweli, akamrudishia mwenyewe akimwambia: sasa haisemi uongo tena. Nadhani hilo ndilo nililokwenda kumsifia, ingawa nilipokwenda sikulijua.

Mimi mwenyewe nilifika kwake nimechelewa. Simu yangu, siku niliyoitia kadi, iliniuliza kama niitumie kama hifadhi ya ndani, uwezo ambao Android ilianza kuwa nao mwaka 2015 katika toleo la 6. Nikakubali, kwa kuwa neno ndani lilinipendeza. Sikujua kwamba kukubali huko huifunga kadi kwa ufunguo, na ufunguo hukaa kwenye simu. Miaka miwili baadaye simu ilinidondoka tukivuka Lualaba kwa mtumbwi. Kadi nilikuwa nimeitoa asubuhi ile ile na kuiweka kwenye pochi, kavu, salama, nikijiona mjanja. Fundi aliisugua kwa ufutio, akaisoma, akanionyesha skrini yenye fujo tupu.

«Yaya, kadi ni nzima,» akasema. «Ufunguo ndio uko mtoni.»

Hakunitoza kitu. Aliniuliza tu kama naweza kuiacha ifomatiwe, kwa sababu kuna mama wa mawese anayehitaji kadi ya pili ya kuwekea nakala.

Basi, msomaji, simu yako ikikuambia leo kwamba kadi imeharibika na kukupa kitufe, usikibonyeze. Izime, itoe kadi, ifunge kwenye karatasi kavu, usiandike chochote juu yake. Anza na ufutio.