48V ya kwenye kartoni

Bandugu, nilinunua mashine ya kutoboa ya betri hapa Kasongo kwa pesa ya mahindi yangu. Kartoni iliandikwa 48V. Nilitaka kufunga kufuli kwa mlango wa mama, wezi wameisha ingia mara mbili. Mbao ni ngumu: shimo la pili, mashine ikalala.

Nikafungua betri. Ndani seli 5. Seli moja ya litiamu ni 3.6V, ikijaa kabisa 4.2V. Zidisha mwenyewe: 18, ama 21 ikijaa. Ile 48 inatoka wapi? Na namba ya Ah, yenye kuonyesha betri inabeba nguvu kiasi gani, haikuandikwa popote.

Kwa kazi ya nyumba, mimi sasa ningechukua 12V nyepesi yenye betri mbili: moja inatoboa, ingine iko kwa sola. (Ukuta wa matofali ya kuchoma ni kesi ingine, unaomba mashine yenye kupiga nyundo.)

Sisi wa agronomia mfuko wa mbegu hatuuamini kwa picha, tunaotesha mbegu 100 kwanza. Njo vile: beba kipande cha mbao ngumu, utoboe mbele ya muuzaji. Akikataa, enda zako.

Mlango wa mama ungali unafungwa na kamba.