Kisenyi kutoka mnarani: namna Old Kampala inavyoonesha mji

Mgeni anayetaka kuiona Kampala yote kwa mara moja hapelekwi kwenye jengo refu kuliko yote mjini. Anapelekwa Old Kampala, kwenye Msikiti wa Taifa wa Uganda, akapandishwa mnara wenye kimo cha takriban mita 50. Kwenye kilima cha Nakasero kuna majengo yanayoupita mnara huo kwa urefu, tena yana lifti, lakini hakuna hata moja linaloueleza mji kama unavyoelezwa hapa. Ubora huo una sababu nne: kilima chenyewe, umbo la mnara, mpangilio wa ziara, na mpaka wa zamani unaopita chini yake. Sababu ya nne ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo ambayo wageni wengi huondoka bila kuiona. Ili kuiona, sharti mtu ageuke kusini na kusini-mashariki, auangalie mtaa wa bondeni wa Kisenyi kwa makini.

Kilima kilifanya kazi kubwa kabla ya mnara

Vilima vya Kampala vina vilele bapa, vilivyofunikwa na tabaka gumu la laterite, ule udongo-jiwe mwekundu unaouona barabara yoyote inapokatwa kandokando ya mlima. Tabaka hilo lilizuia vilele visiliwe na mmomonyoko huku maji yakichimba mabonde pembeni yake, na mabonde hayo yakawa vinamasi vya mafunjo. Ndiyo maana vilele vingi havipishani sana kwa kimo, na ndiyo maana mtu akisimama juu ya kimoja anaviona vingine vimemzunguka.

Old Kampala si kilima kirefu kuliko vingine. Faida yake ni kukaa katikati. Kaskazini kuna Makerere na chuo kikuu chake, mashariki Nakasero yenye ofisi na mahoteli, kusini Mengo, makao ya ufalme wa Buganda. Upande wa magharibi kuna Namirembe yenye kanisa kuu la Waanglikana, na kusini-magharibi Rubaga yenye kanisa kuu la Wakatoliki. Kusini-mashariki, mbele kidogo, msikiti mweupe wa Kibuli. Kaskazini-magharibi kuna Kasubi, makaburi ya makabaka (wafalme wa Buganda), yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001 na kuteketezwa na moto Machi 2010. Kila taasisi iliyoijenga Kampala ilijichagulia kilele chake, kwa hiyo historia ya mji imepangwa mbele ya macho yako, kilima kwa kilima.

Linganisha na Nairobi. Kule, jumba la mikutano la KICC lililofunguliwa mwaka 1973 lilihitaji kimo cha mita 105 ili mtu aliye juu ya paa auone mji, kwa sababu limesimama kwenye tambarare na urefu wote ilibidi utoke kwenye zege. Kampala, mnara wa nusu ya kimo hicho unatosha, kwa kuwa ardhi imekwisha kumpandisha mgeni makumi ya mita juu ya bonde la Nakivubo kabla hajakanyaga ngazi ya kwanza.

Si watalii waliogundua jambo hili. Frederick Lugard alipofika Buganda Desemba 1890 kwa niaba ya kampuni ya Kiingereza, aliweka kambi yake na kujenga ngome juu ya kilima hiki hiki. Kutoka hapo aliliona kasri la Kabaka Mwanga kule Mengo, na pia vilima vya wamisionari wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti. Tarehe 24 Januari 1892, vita vilipozuka kati ya Waganda wa chama cha Kikatoliki na wa chama cha Kiprotestanti, bunduki yake ya Maxim ilifyatuliwa kutoka ngomeni. Uwezo wa kuona ukawa uwezo wa kupiga. Ngome hiyo iliondolewa ili kupisha ujenzi wa msikiti, na mfano wake ukajengwa karibu. Anayepiga picha leo kuelekea Mengo anatumia mstari ule ule wa macho uliotumiwa na mwenye bunduki, na ni haki yake aambiwe hivyo.

Mnara wa kuadhinia ukawa mnara wa kutazamia

Idi Amin aliwapa Waislamu kilima hiki mwaka 1972, mwaka ambao Baraza Kuu la Waislamu wa Uganda liliundwa. Alipopinduliwa mwaka 1979 msikiti ulikuwa bado haujakamilika, na ukakaa hivyo kwa miaka mingi. Kazi ilimalizwa kwa fedha za Libya katika muongo wa kwanza wa karne hii, na ufunguzi rasmi ukafanyika Machi 2008, Muammar Gaddafi mwenyewe akiwepo. Msikiti ulibeba jina lake, na baada ya kifo chake mwaka 2011 ukapewa jina la sasa.

Mnara wa msikiti kwa asili una kazi moja: kumweka mwadhini juu ya mapaa ili sauti yake ifike mbali. Mahitaji ya kazi hiyo ni mahali pa juu, wazi pande zote, na njia ya kupandia. Ukiyatazama vizuri, hayo ndiyo mahitaji ya mtu anayetaka kuangalia mji. Mahali ambapo sauti inaweza kutoka kila upande bila kizuizi, jicho nalo linaweza kutazama kila upande bila kizuizi. Vipaza sauti vilipochukua kazi ya kupeleka adhana, mwadhini hakulazimika tena kupanda, na roshani za minara zikabaki bila mtumiaji wa kila siku. Kwa hiyo kumkaribisha mgeni hapa hakukuhitaji kubomoa wala kuongeza kitu. Kulihitaji utaratibu tu.

Wembamba wa mnara nao ni faida. Katika jengo la ofisi, paa ni pana, na upana huo huficha kila kilicho karibu na miguu ya jengo. Unaona mbali, lakini mtaa ulio chini yako huuoni. Kwenye mnara mwembamba hatua chache zinakuzungusha nyuzi zote 360, na ukiinama kidogo unaona ua wa msikiti, barabara ya chini yake, kisha mapaa ya kwanza ya bondeni. Karibu na mbali vinaonekana pamoja.

Ngazi zinazunguka ndani ya mnara hadi juu. Idadi zinazotajwa na waandishi wa safari ni kati ya 272 na 304. Hesabu nyepesi inaziunga mkono: ngazi ya kawaida ina kimo cha sentimita 17 hivi, na ngazi 300 zinakupa mita 51. Mwenye afya ya wastani huzimaliza bila shida akienda taratibu. Anachopaswa kujua ni kwamba katika ngazi ya kuzunguka, upande wa ndani vikanyagio ni vyembamba na upande wa nje ni vipana. Apande kwa upande mpana, na ashuke kwa upande huo huo, mkono ukiwa ukutani au kwenye kishikio. Kizunguzungu huja wakati wa kushuka, hasa kwa anayekimbilia kumaliza.

Kuhusu umbali, kimo si kikwazo. Jicho lililo mita 50 juu ya ardhi tambarare hufika upeo wa kilomita 25 hivi, na bandari ya Port Bell, kwenye Ziwa Viktoria, iko kilomita 10 tu kutoka katikati ya mji. Ziwa likibaki kuwa mstari wa kijivu, au lisipoonekana kabisa, limezibwa na moshi na vumbi. Kuongeza urefu wa mnara kusingesaidia sana. Mvua moja ya usiku inasaidia zaidi.

Utaratibu wa ziara

Hapa ni nyumba ya ibada, na utaratibu wote umejengwa juu ya ukweli huo. Mgeni hulipa kiingilio, hupewa mwongozaji, na mwanamke asiye na vazi la heshima huazimwa nguo ya kujifunika na mtandio. Viatu huvuliwa kabla ya kuingia ukumbi wa swala, ambao hukusanya maelfu ya waumini chini ya kuba. Mnara hufuata baadaye.

Mpangilio huu una busara. Mgeni anayeanza na utulivu wa ukumbini hufika juu akiwa ameshajua yuko mahali gani, hafanyi mnara kuwa uwanja wa kelele. Juu, mwongozaji humzungusha kilima baada ya kilima: huku ni Mengo, kule ni Rubaga, lile kuba la kijani kule mbali kaskazini ni hekalu la Wabahá'í lililozinduliwa mwaka 1961. Maelezo ni mazuri na yana mantiki. Upungufu wake ni kwamba yanaruka kutoka kilele hadi kilele. Mabonde yanaachwa, ilhali watu wengi wa Kampala wanaishi na kufanya kazi mabondeni.

Mpaka uliobaki kwenye mapaa

Baada ya Mapatano ya mwaka 1900 kati ya Uingereza na Buganda, Kampala ilikua ikiwa miji miwili iliyopakana. Mmoja ulikuwa mji wa serikali ya kikoloni, wenye Old Kampala na Nakasero, uliopimwa viwanja na kuchorewa barabara. Wa pili ulikuwa Kibuga, mji wa Kabaka, chini ya serikali ya Mengo, ambako ardhi ilikuwa ya mailo, yaani milki ya watu binafsi, wenye ardhi ni wengi, na wapangaji walijenga au kukodi chumba kimoja kimoja. Kisenyi ilikuwa ndani ya Kibuga, lakini ukingoni kabisa, hatua chache tu kutoka madukani na kazini kwa upande wa pili. Ndiyo maana ilijaa watu upesi, na ndiyo maana watafiti Southall na Gutkind waliichagua Kisenyi katika miaka ya 1950 walipotaka kueleza maisha ya Mwafrika wa mjini. Miji hiyo miwili iliunganishwa kisheria mwaka 1968.

Kisheria, mpaka umekwisha. Kutoka mnarani bado unaonekana. Chini ya kilima, barabara za Old Kampala zina upana unaolingana, na baadhi ya nyumba za zamani za Wahindi bado zina baraza zao. Fuata mteremko kwa macho kuelekea kusini-mashariki: mistari iliyonyooka inakatika, njia zinakuwa nyembamba na kupinda, mabati yanasogeleana mpaka huoni ardhi katikati yake. Penye mabati yenye weupe uliofifia, chini yake kuna vinu vya mahindi, na weupe huo ni vumbi la unga. Posho, yaani ugali wa mahindi, inayoliwa shuleni na kwenye vibanda vya mji huu, nyingi imepita kwenye vinu hivyo. Mitaa ya Wasomali iko humo humo, na hoteli zao, maduka yao ya nguo na ofisi zao za kutuma pesa. Kituo cha mabasi nacho kiko humo. Mbele zaidi kuna soko la Owino na uwanja wa Nakivubo, na ukisogeza macho mashariki utaona stendi za taksi, magari meupe yamelala kama mchele uliomwagwa kwenye ungo.

Kuna jambo jingine ambalo jicho la mnarani linalieleza kuliko ripoti yoyote: mafuriko. Simama uangalie Old Kampala, Namirembe, Mengo na Nakasero kwa pamoja, ujiulize mvua inayonyesha juu ya vilima hivyo inakwenda wapi. Miteremko yake mingi inaelekea bonde moja. Maji yanashuka juu ya lami na mabati yasiyonyonya hata tone, yanapita Kisenyi na jirani zake, yanaingia mfereji wa Nakivubo, kisha yanaelekea kinamasi kilichobaki na ghuba ya Murchison ziwani. Anayelaumu wakazi wa bondeni kwa takataka peke yake hajawahi kuutazama mji akiwa juu. Takataka huziba mfereji, ni kweli, lakini maji yenyewe yanatoka kwa kila aliyejenga kilimani.

Saa na mwanga

Kampala iko karibu kabisa na Ikweta, kwa hiyo jua huchomoza mashariki na kutua magharibi bila kuhama sana mwaka mzima. Asubuhi mwanga huangaza Namirembe na Rubaga usoni. Alasiri hugeukia Nakasero na kilima cha Kololo. Kwa Kisenyi, asubuhi na alasiri zote zinafaa, maana mwanga unaotoka ubavuni huchora kivuli cha kila paa, na mpaka niliouelezea hujitokeza wazi. Saa sita mchana vivuli hufupika sana na mabati humeta mpaka yanaumiza macho. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, hewa husafika. Nyakati za swala zisubiriwe kwa heshima, na Ijumaa adhuhuri iachwe kwa waumini.

Hukumu yangu ni hii. Old Kampala ndiyo mahali bora pa kuitazama Kampala, na utaratibu wa msikiti wa kumpokea mgeni unastahili pongezi, kwa kuwa umefungua mnara bila kuivunjia heshima ibada. Kilichobaki ni maelezo kushuka bondeni. Waongozaji waongeze dakika tano za Kisenyi: mpaka wa Kibuga, vinu, stendi, njia ya maji. Nawe msomaji ukipanda, usiondoke kabla ya kuuliza habari za upande huo. Kisha ukishuka, usiite bodaboda hapo langoni. Teremka kwa miguu, uingie Kisenyi mchana kweupe pamoja na mwenyeji, ununue chakula kwa anayekiuza, na uuone mtaa huo kwa kimo cha watu wanaouendesha.